Aliyemwona Kwanza

Fundi masufuria wa Katwe ndiye aliyetuongoza, sisi watu sita, kila Jumapili asubuhi kuangalia ndege kwenye kinamasi cha Kisugu. Kazini alipaza sauti kushinda nyundo yake. Huku kwenye mafunjo alinong'ona, na vidole vyake vyenye makovu ya moto vilishika penseli kama yai. Kila ndege alimwandika daftarini pamoja na jina la aliyemwona kwanza, na hilo hakutaka ubishi. Juni ya mwaka sabini na tano askari mmoja alitukuta, akamnyang'anya fundi darubini.

"Wewe napeleleza nani hapa?"

"Ndege, afande. Tazama pale."

Askari akatazama. "Ile ya kifua nyekundu! Mimi naona!"

Fundi akalamba ncha ya penseli. "Basi wewe ndiye wa kwanza. Jina lako nani, afande?"

Tukaacha kupumua. Miaka ile ya utawala wa jeshi, mtu akishaandikwa jina na wakubwa, kwao hawamwoni tena. Askari akalikodolea macho daftari.

"Jina usiandike," akasema polepole, akarudisha darubini, akaenda zake.

Fundi akamwandika ndege. Mahali pa jina akapaacha wazi.