Spana Moja, Majirani Watatu

Bodi ya ushirika wa nyumba za mtaa wetu, baada ya kukaa kikao na kunywa kahawa yote, imetangaza kwamba kutengeneza magari uani ni marufuku. Kwamba kubadili matairi ya kiangazi kwa ya baridi kunaruhusiwa, kwa kuwa theluji haisubiri kikao. Na kwamba kila mkaaji atatumia vifaa vyake mwenyewe, asiazime wala asiazimishe, ili amani idumu. Tangazo limebandikwa karibu na mapipa ya taka, mahali ambapo kila mtu hufika.

Chanzo chake ni jeki ya jirani yetu Tarmo, iliyoazimwa na jirani mwingine, Veijo, ikarudi imepinda. Hawakugombana. Hapa Iisalmi watu hawagombani. Waliacha tu kusalimiana kwa miaka kadhaa, na katika kipindi hicho Veijo akachaguliwa mwenyekiti wa bodi.

Raili Kokkarinen wa nyumba iliyo katikati ya zao hakupata taabu na sheria hiyo hadi Oktoba ya mwaka juzi. Maisha yake yote ya kazi aliendesha gari la posta katika barabara za msituni, na matairi alibadili mwenyewe. Namna yake ya kukaza nati ilikuwa kupanda juu ya spana kwa miguu miwili na kudunda mara moja, kama mtu anayejaribu kitanda dukani. Kisha bolti moja ikakatika, na mwanawe Jouni, anayekagua magari kule Oulu na kulipwa kwa kazi hiyo, akaiona alipomtembelea.

“Mama, Jumamosi nitakuja kukuchukua,” alisema kwenye simu.

“Kwani mimi ni kifurushi?”

“Barabara imeanza kuganda. Na wewe unakaza nati kwa visigino.”

“Visigino vyangu havijawahi kumuua mtu.”

“Nunua spana ya kipimo, ile inayogonga tak nati ikitosha. Weka kipimo mia na kumi, ukaze, uje mwenyewe. Bila hivyo nakuja mimi, na nikija tutazungumza pia habari ya kuliuza hilo gari.”

Jumamosi alikuwa akibatizwa binti wa Jouni, na Raili ndiye wa kumshika mtoto. Kumshika alitaka. Alitaka pia kufika kwa gari lake, redio ikiwa juu, asimame njiani, Pulkkila, kwa kahawa na mkate mtamu wa iliki, na asiwepo mtu wa kumkumbusha kubadili gia.

Alhamisi alasiri akaenda duka la vifaa. Spana za kipimo zilikuwa za aina kadhaa. Moja ililala ndani ya sanduku zuri pamoja na cheti chake, na kwa bei ile ungetarajia ije nyumbani ikaze yenyewe. Nyingine ilikuwa na kioo na betri. Raili tayari alikuwa na rimoti ya televisheni isiyomtii, hakuhitaji ya pili. Ndogo ya baiskeli ilikuwa rahisi kuliko zote, ila kipimo chake kiliishia sitini. Pembeni kabisa, ndani ya kasha jekundu la plastiki, palikuwa na ya chuma kitupu: inaanza arobaini, inakwenda hadi mia mbili, mpini mrefu, kichwa cha nusu inchi. Raili alikuwa amesoma vya kutosha kujua kwamba namba unayoitaka ikae katikati ya kipimo, si ukingoni, na kwamba mengine mengi ni mapambo. Bei ilikuwa ya mstaafu. Ilikuwa imebaki moja.

Akanyoosha mkono. Upande wa pili mkono mwingine ukanyooka.

“Raili.”

“Tarmo.”

Tarmo alikuwa dereva wa treni kabla ya kustaafu, na hakuzoea kukutana na mtu kwenye njia yake.

“Chukua,” akasema. “Mimi natazama tu.”

“Hata mimi natazama tu. Chukua wewe, una magari mawili.”

“Moja halitembei.”

Nyuma ya sepetu za theluji mtu akakohoa. Alikuwa Veijo, sepetu mkononi, akisubiri wenzake waondoke.

“Nimefuata sepetu,” akasema.

“Una sepetu nne, mwenyekiti,” Tarmo akamwambia. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa Veijo tangu ile jeki.

“Za zamani hizo. Nyie endeleeni na spana yenu.”

“Hatuna spana. Tunatazama.”

Binti wa duka akaja kuuliza kama wanahitaji msaada. Wakajibu kwa pamoja kwamba hapana, asante. Kisha kila mmoja, kwa kuwaachia wenzake, akatoka. Heshima ya wote watatu ilikuwa salama, na spana ilikuwa rafuni.

Kabla duka halijafungwa, magari matatu yakarudi. Wakakutana mlangoni. Hapo Raili akafanya jambo ambalo mtaani kwetu halikuwa limeshuhudiwa: akasema anachohitaji.

“Mimi naitaka. Nisipokuwa nayo nabebwa kama kifurushi na gari langu linauzwa. Anayeihitaji kuliko mimi aseme, tena kwa mdomo.”

“Mke wangu anasema nikikaza tena kwa kukisia, atapanda basi,” Veijo akasema.

“Basi ni usafiri mzuri,” Tarmo akasema.

“Nanunua mimi,” akasema Raili. “Kesho mje uani kwangu.”

Veijo akatazama viatu vyake. “Kila mkaaji kwa vifaa vyake.”

“Nani aliandika upuuzi huo?” Raili akauliza.

“Bodi.”

“Bodi ni wewe na shemeji yako.”

Veijo akageuka. “Tarmo, ile jeki ilikuwa imepinda kidogo hata nilipoichukua.”

“Haikuwa imepinda.”

“Kidogo.”

“Haya, kidogo. Ingia ndani, baridi hii.”

Ijumaa uani kwa Raili zilisikika tak, tak, za nati zikikazwa kwa kukingama, moja hapa, nyingine ng'ambo yake. Veijo alipenda mlio, akataka kurudia.

“Usirudie, mzee,” Raili akamkanya. “Ikishagonga, imetosha. Kwani unabisha hodi?”

Kazi ilipokwisha akampigia Jouni.

“Rudisha kipimo chini, mama, springi isichoke.”

“Nimesharudisha. Wewe pasha kahawa.”

Jumamosi alipita Pulkkila, akala mikate miwili, akazijaribu nati tena kwenye maegesho. Spana ilisafiri kiti cha mbele, imefungwa mkanda. Kanisani mtoto alilala mikononi mwake mwanzo hadi mwisho, na jioni Raili akarudi kama alivyokwenda, redio juu.

Tangazo la bodi halijafutwa wala kurekebishwa. Siku hizi mtaa mzima hubadili matairi siku moja, kwa spana ya Raili, na Veijo ndiye huleta soseji na haradali.