Gia ya Tano Inasogezwa Kila Jumatatu

Saa moja kasorobo asubuhi, chai ingali moto mezani, Fundi anapiga magoti kando ya kiti cha baba yake na kuchomeka kebo. Kwenye skrini namba zinaanza kurukaruka.

"Haya baba, tupige gia. Moja."

Mzee anausukuma mkono wa gia. "Mbili. Tatu. Nne." Kiganja kinatetemeka, lakini kinafika. "Tano." Hapo kinakwama katikati ya njia. Fundi anasubiri kidogo, anatazama namba, kisha anabonyeza kitufe cha kuhifadhi.

"Imeingia?" anauliza mzee.

"Imeingia, baba. Tena laini."

Haikuingia.

Fundi, kama majirani wote wanavyomwita, ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, na anatengeneza mashine za michezo ya kompyuta katika chumba kimoja nyuma ya saluni. Wateja wapya humkuta na bisibisi mkononi, wakamuuliza fundi yuko wapi.

"Nawaambia ametoka," anasema akicheka. "Wakirudi wanakuta kazi imekwisha, wanamsifu kweli huyo jamaa!"

Baba yake aliendesha malori kwa miaka thelathini na mmoja. Miaka miwili iliyopita misuli ilianza kumlegea. Daktari alimvuta binti pembeni, akamwambia mkono ule hautarudi. Binti hakuwa na moyo wa kumwambia mzee.

Badala yake aliokota mkono wa gia wa mchezo wa magari ambao mteja alikuwa ameutelekeza. Haukuelewana na kompyuta yake hata kidogo. Akaunda adapta ya kuviunganisha, waya kwa waya, akaifungia ndani ya kisanduku cha sabuni. Kisha akaweka mchezo wenye malori na barabara ndefu. Mzee, aliyekuwa ameacha hata kunyoa ndevu, siku hiyo aliomba wembe.

Adapta hiyo lazima ionyeshwe kila gia inakaa wapi. Mkono ukisukumwa mbali, namba inapanda. Mwanzoni tano ilikuwa mia tisa. Miezi sita baadaye, mia saba na hamsini. Leo ni mia tano na themanini, na frii yenyewe, pale mkono usipokuwa kwenye gia yoyote, iko mia tano. Kila Jumatatu Fundi huisogeza karibu, ili mkono unaochoka uikute na mzee aone anapata nafuu.

"Ng'ombe hazeeki maini!" mzee alikuwa akitamba kila lori lake lilipochanganya mwendo.

"Mimi nalilia dukani kwangu," anasema Fundi akishusha sauti. "Hapa siwezi. Baba yangu anaondoka, na mimi ndiye ninayeandika namba."

Wiki tatu zilizopita, akiwa kazini, umeme ulikatika ghafla. Uliporudi, adapta ilikuwa imesahau kila kitu, na tano imerudi mia tisa. Saa kumi jioni Fundi alimkuta baba yake ameng'ang'ania mkono wa gia, jasho linamtiririka, na kwenye skrini lori limeegeshwa kando ya barabara.

"Baba, ni umeme tu, ume..."

"Acha, mwanangu. Miaka thelathini na mmoja, mimi nisijue tano inakaa wapi? Siku ya kwanza uliyoisogeza nilijua."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesemaje, na wewe ulivyofurahi vile?"

Walilia wote wawili, anasema Fundi, hadi jirani akaja kugonga akidhani kuna msiba.

Tangu hapo hawajaligusa tena jambo hilo. Jumatatu ikifika, baba anauliza kama imeingia, na binti anajibu imeingia.

Sasa Fundi anachora adapta nyingine. Kwenye hii ya sasa, tano haiwezi kusogezwa karibu zaidi na frii, maana kiganja kikitetemeka tu itabadilisha gia ovyo.

"Nataka isiyohitaji mkono mzima," anaeleza. "Atikise kidole tu, gia iingie. Kidole nacho kikigoma, nitatafuta njia ya kutumia jicho. Alimradi barabarani awepo."

"Na honi!" mzee anadakia kutoka kitini. "Usije ukasahau honi. Lori gani hilo lisilo na honi?"

Fundi anaandika "honi" pembeni ya mchoro wake. Kisha anatoka nje kidogo, anasema anakwenda kutafuta bisibisi, na bisibisi iko mfukoni mwake.