Jogoo wa Mlinda Mlango

Harufu ya kitambaa kipya kilichopitiwa na pasi ya makaa ndiyo iliyotangaza msimu wa mpira nyumbani kwetu Kasongo. Baba alikuwa fundi cherehani, na barazani pake ndipo jezi za timu ya mji zilipozaliwa: nyekundu, zenye kola nyeupe, zimeshonwa mara mbili mabegani kwa sababu wachezaji wa zamani zile walikuwa wakishikana kama watu wanaogombea ndoo kisimani. Timu hiyo iliitwa Nyuki. Nani aliipa jina hilo sijui, lakini hakuwa amewahi kuiona ikicheza. Nyuki huuma. Hawa wetu walikuwa wakitua uwanjani, wakizungukazunguka kwa adabu, kisha wakirudi nyumbani wakiwa wamefungwa. Baba alikuwa akisema kwamba hakuna aibu inayozidi ya fundi: mtu mwingine akishindwa, huficha uso, ila yeye kila bao lililoingia liliingia mbele ya nguo alizozishona kwa mikono yake.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji, ingawa sisi watoto hatukujua kwamba ni ya mwisho. Tulidhani wataendelea kuwapo kama mvua na kodi. Uwanja ulikuwa upande wa ghala la pamba, majani yake yamekatwa na wafungwa, na kila lango lake lilikuwa miti mitatu iliyoletwa kutoka porini, bila wavu. Kwa kuwa hapakuwa na wavu, mpira uliopita ulikwenda zake mpaka kwenye mihogo, na ubishi wa kama umepita ndani au nje uliweza kuchukua muda kuliko mchezo wenyewe. Mbele palipangwa viti vya Bwana Mkubwa wa Serikali, wa mapadri na wa wenye duka. Sisi wengine tulisimama juani. Wanawake wa nyumba za Kiislamu hawakuwa na desturi ya kwenda kutazama, lakini mimi nilikuwa bado mdogo, na baba alinichukua ili nimbebee kopo la maji. Nadhani alinichukua pia kwa sababu mama alikuwa amechoka kusikiliza habari za mpira, naye baba alihitaji sikio.

Baba hakusimama pembeni na wenzake. Alisimama nyuma ya lango la Nyuki, karibu kabisa na miti, akitoa amri. Mlinda mlango wetu, ambaye watu walimwita gadie kwa namna ya Kifaransa, alikuwa kijana aitwaye Amisi, mpimaji pamba kwenye lile ghala. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kuamkia vikongwe wote njiani hata akachelewa kazini. Aliwekwa golini kwa sababu ya urefu wake tu, na urefu haukumsaidia kitu. Mpira wa juu ulipita juu, wa chini ulipita chini, na ule wa katikati aliukumbatia kama mtoto kisha akauangusha. "Huyu mutoto iko na mikono ya mulenda!" baba alipiga kelele, na kelele hizo zilikuwa hatua chache kutoka masikioni mwa Amisi. Leo nikifikiri naona wazi kwamba hata mwanamume hodari angetetemeka akiwa na baba yangu mgongoni, lakini wakati huo niliona ni haki. La kuvunda halina ubani, baba alisema, na mimi nilijibu ndiyo.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyemkasirisha baba kuliko Amisi, naye ni mwandishi wa habari. Bwana Leopoldi alikuwa amesoma misheni, akivaa soksi ndefu na kofia ngumu, mmoja wa wale walioitwa evoluwe, yaani Mkongo ambaye Wabelgiji walimhesabu kuwa amestaarabika. Aliandika habari za michezo katika gazeti la Kiswahili lililochapwa mbali, ambalo lilitufikia kwa treni na lori baada ya majuma mengi, likiwa limekunjwa na kunuka mafuta ya taa. Uwanjani alikaa karibu na viti vya wakubwa, akitazama viti kuliko mpira. Tukifungwa mabao matano, gazeti lilisema kwamba vijana wetu walionyesha nidhamu. Tukifungwa saba, lilisema kwamba hali ya hewa ilikuwa nzuri na kwamba Bibi wa Bwana Mkubwa alipendeza. Idadi ya mabao hakuitaja, kana kwamba ni jambo la chumbani. Baba hakujua kusoma herufi za Kizungu, alisoma za Kurani tu, kwa hiyo jirani yetu Mzee Shabani, mshona viatu, alimsomea barazani huku cherehani ikisimama. "Bongo!" baba aliruka kwenye kiti, maana kwetu uongo huitwa bongo. "Bongo tupu! Mi nilikuwa pale na macho yangu mbili!" Mzee Shabani, ambaye naye alikuwa pale, alikubali kwa kichwa na kuendelea kusoma uongo huo kwa sauti nzuri.

Siri ya Bwana Leopoldi mji mzima uliijua. Gari la posta liliondoka Ijumaa, na mechi zilichezwa Jumapili. Hakutaka habari yake ichelewe juma zima, basi aliiandika Alhamisi, kabla mpira haujapigwa, kwa maneno yanayofaa kwa matokeo yoyote. Alikuwa amelizoea jambo hilo kama mtu anayepika kabla ya kujua idadi ya wageni.

Sasa katika msimu huohuo Amisi alimtuma mshenga kuja kumposa dada yangu Zaina. Walionana wapi sijui. Labda kwenye njia ya ghalani, ambako dada alikuwa akipita kwenda kisimani ingawa kulikuwa na njia fupi zaidi. Desturi ya nyumba yetu ilikuwa hivi: mshenga huleta jogoo mweupe. Baba wa binti akimchinja, amekubali. Akimrudisha, amekataa. Baba hakufanya lolote kati ya hayo. Alimfunga jogoo mguu kwa kitambaa chekundu kilichobaki kwenye jezi, karibu na jiko, kisha akatangaza barazani mbele ya watu: "Mutu hawezi kulinda miti mbili, atalinda bibi na watoto namna gani? Siku atamaliza mechi moja bila kufungwa, ile siku jogoo atachinjwa. Mbele ya pale, hapana." Watu walicheka sana. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, walisema. Zaina hakucheka. Alikuwa ndani, nyuma ya pazia, na mimi niliyekuwa naye niliona jinsi alivyoketi chini polepole, kama mtu aliyeambiwa asubiri mto ukauke.

Jogoo alikaa kwetu msimu mzima. Alinenepa. Aliwika wakati wowote alipotaka, na kila akiwika mama alimtazama baba, na baba alitazama sindano. Kila Jumapili jioni Zaina alinivuta jikoni akaniuliza kwa kunong'ona, wala hakuuliza nani ameshinda. Aliuliza tu, "Zimeingia?" Nilimjibu zimeingia. Sikuwa na huruma ya kutosha kudanganya, nami sikuelewa kwa nini anahesabu mabao kama mtu anayehesabu siku za matanga. Nyumba nyingine mbili zilikuwa zimeanza kuulizia habari zake, mojawapo ya mzee mwenye duka aliyekwisha kuzika wake wawili. Baba alisema angengoja mpaka mechi ya Kabambare, mechi ya mwisho ya msimu. Baada ya hapo jogoo angerudi kwao.

Kabambare ilikuwa mbali, na timu ilipanda lori la pamba. Baba na Mzee Shabani nao walipanda, wakarudi Jumanne wakiwa wekundu kwa vumbi la njia kuliko jezi zenyewe. Hakuna aliyehitaji kuuliza. Baba alishuka, akanawa, akakaa kwenye cherehani bila kuipiga. Baadaye Mzee Shabani ndiye aliyesimulia kwamba zimeingia nyingi, na moja, Mungu atusamehe, ilipita katikati ya miguu ya Amisi wakati anamwangalia baba nyuma yake. Usiku ule Zaina hakula. Mama alimwambia baba amrudishe jogoo kesho yake na mambo yaishe, lakini baba alijibu kwamba ana sare za askari za kumaliza kwanza. Aliahirisha juma hilo, akaahirisha na mengine yaliyofuata. Labda alimhurumia binti yake. Labda alikuwa amemzoea jogoo.

Wakati huohuo gazeti lilikuwa njiani. Bwana Mkubwa alikuwa ametangaza kwamba yeye mwenyewe atakwenda Kabambare kutazama, na Bwana Leopoldi, kwa furaha ya heshima hiyo, alipokaa kuandika Alhamisi yake hakujizuia. Safari hii aliandika kwamba Nyuki wameng'ara, na kwamba lango lao, likilindwa na kijana Amisi, ukuta wa Kasongo, halikuguswa hata mara moja. Gazeti hilo lilifika Nyangwe kabla ya kufika kwetu. Huko aliishi shangazi yetu Salima, dada mkubwa wa baba, mkausha samaki, mwanamke ambaye hata wapiga makasia wa Lualaba walishusha sauti mbele yake. Wachuuzi walikuwa wamempelekea habari za kweli, naye aliwajibu kwamba watu wa Kasongo wana kijicho. Lakini katekista aliposoma gazeti sokoni, ubishi uliisha. Ahadi ya mdogo wake aliijua, kama kila mtu alivyoijua. Alifunga mafungu ya samaki, akawachukua wanawake wawili wa ukoo, akashika njia ya Kasongo.

Alifika asubuhi ambayo baba alikuwa amekwenda kupeleka sare bomani. Aliona jogoo bado yuko hai na kamba mguuni, akashika kiuno. "Ee! Ndugu yangu anataka watu waseme hatushiki neno letu?" Alimwita Mzee Shabani aje na kisu, maana kuchinja ni kazi ya mwanamume mwenye dini. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Mzee Shabani alimtazama shangazi, akalitazama gazeti alilokuja nalo, akamtazama dada yangu aliyekuwa ameshika mwiko bila kukoroga. Yeye alijua. Alikuwa ameona kila bao. Alikohoa, akaelekea kibla, akasema Bismillahi, akachinja.

Baba aliporudi alikuta moshi, wageni na sufuria. Nilitegemea apige kelele, lakini kwanza aliuliza taratibu, na shangazi akamweleza huku akimpa gazeti. Hapo ndipo kelele zilipokuja. Gazeti hili ni bongo, alisema, limeandikwa mbele ya mechi! Shangazi alitulia. "Kila siku unasema gazeti ni bongo. Leo tena? Karatasi imechapwa, wewe iko na mudomo tu." Baba alimgeukia jirani yake. "Shabani! Ulikuwa pale, karibu yangu. Sema mbele ya Mungu: zimeingia, hazikuingia?" Mzee Shabani alipangusa kisu chake kwenye majani ya mgomba, upande huu na upande ule, bila haraka. "Ndugu yangu," alisema, "ile siku jua ilikuwa inanipiga mu macho sana."

Baba alitazama kila uso. Wengine waliokuwa Kabambare walikuwa wamefika kwa harufu ya nyama, na wote, ilionekana, walikuwa wamepigwa na jua lilelile. Mwishowe alimtazama Zaina. Dada yangu hakuinama kama ilivyompasa msichana. Alimtazama baba machoni, machozi yakimtiririka, wala hakuyafuta. Nilimpenda sana siku ile, nami nilimwogopa kidogo. Jogoo aliyechinjwa harudishwi kwao, na maji yakimwagika hayazoleki. Baba alivua kofia, akaketi mkekani, akanyoosha mkono. "Leteni sahani," alisema. Kisha alipotafuna tonge la kwanza: "Lakini zimeingia."

Ndoa ilifungwa kabla ya mvua. Amisi aliacha mpira mwaka uleule, na timu ilimpata mlinda mlango mwingine, mfupi, ambaye baba alimwona mbaya zaidi. Uhuru ulikuja, na vita vikaja. Shemeji yangu alimbeba Zaina akiwa na homa kutoka Kasongo mpaka porini na kumrudisha, na hakuna gazeti lililoandika. Amekwisha kufariki. Dada yangu, mzee sasa, anaishi nami.

Siku hizi habari haipandi lori. Mjukuu wangu anatazama mechi za mbali kwenye simu, na bao linamfikia kabla mfungaji hajamaliza kushangilia. Wachambuzi wanapiga kelele pande zote, wanajua kila kosa, wanalirudia polepole ili hata kipofu alione. Bwana Leopoldi asingepata kazi. Ni jambo jema, nadhani, baba angefurahi. Ila huwa nawaza kwamba kwa simu hizi shangazi Salima angelala Jumapili ile akijua ukweli wote, jogoo angerudishwa Jumatatu, na dada yangu angekwenda kwa yule mzee mwenye duka. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Uongo huu mmoja ulikwenda mpaka Nyangwe na kurudi, ukazaa watoto.

Juzi timu ya mjukuu ilifungwa tena, naye akaanza kumtukana mlinda mlango aliye kwenye simu, matusi ya siku hizi, ambayo baba asingeyajua. Zaina alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Acha ule gadie," alimwambia. "Kwake kuko mutu anamungoja."