Maharage ya Msiba Ndani ya Tenki

Kaka alikufa akimkwepa mbuzi. Mbuzi mwenyewe yupo, kila asubuhi anakatiza mbele ya nyumba yetu hapa Kitahana na ndevu zake kama mwenyekiti wa kijiji. Mwaka ule kambi ya wakimbizi ya Nduta ilikuwa imefunguliwa tena, na kaka alikuwa anapeleka abiria kambini kwa pikipiki, barabara vumbi tupu. Baada ya mazishi tuliletewa hiyo pikipiki. Taa nzima, matairi mazima. Tenki la mafuta tu ndilo lilibonyea ubavuni, bonde la ukubwa wa bakuli la uji, pale goti lake lilipogonga.

Mama akalipenda lile bonde. Sina neno jingine. Kila jioni alitoka na kigoda, akakaa kando ya pikipiki, akatia kiganja mle bondeni. Chakula chake tulikifunika, asubuhi tukakikuta vilevile. Kanga iliyokuwa ikimzunguka kiuno mara moja sasa ilimzunguka mara mbili.

"Bonde lile likiondoka, mama yako atakula," baba aliniambia. Alishaanza kuogopa kuchimba kaburi la pili.

Fundi wa pale senta akasema dawa ni kukata tenki, kugonga kwa ndani, kisha kuchomelea. Baba alipoona gesi inawashwa akalinyakua tenki lake.

"Hakuna kukata. Mwenyewe walishamkata hospitali. Inatosha."

Sasa mimi ndiye mropokaji wa familia. Shuleni mpishi aliwahi kuloweka maharage kwenye ndoo akaibana kifuniko, asubuhi kifuniko tukakiokota mlangoni. Nikasema, "Baba, lijaze maharage na maji. Yakivimba, bonde litatoka lenyewe kama kitambi cha mkuu wa shule."

Nilikuwa natania. Nilitaka mtu mmoja tu acheke katika ile nyumba. Baba hakucheka. Aliingia stoo akatoka na gunia.

Yalikuwa maharage ya msiba, yale majirani waliyoleta kwenye vikapu, rangi zote zimechanganyika. Tukaosha tenki kwa sabuni ya unga, tukaziba tundu la chini kwa kipande cha sabuni ya mche. Faneli niliikunja kwa karatasi ya mtihani wangu wa Fizikia, ambayo haikuwa na kazi nyingine ya maana. Maharage yakaingia, maji ya moto yakafuata, kifuniko tukakifunga kwa mipira ya tyubu.

"Ukicheka nakuchapa," baba akasema.

Alfajiri tenki likalia, ko! Kama mgeni aliyebisha hodi mara moja tu. Baba akatoka mbio kifua wazi. Bonde halikuwepo. Rangi ilikuwa imepasuka pasuka, lakini ubavu ulikuwa umenyooka.

Kuyatoa yale maharage kwa waya kulikula asubuhi nzima. Yalinuka petroli, hata kuku waliyasusa. Tukalirudisha tenki mahali pake.

Jioni mama akaja na kigoda. Akaweka kiganja, kikateleza. Akapapasa mbele, akapapasa nyuma, akazunguka upande wa pili, labda alikosea upande.

"Liko wapi?"

Baba akajitia kukaza kifuniko cha tenki kilichokwisha kukazwa.

"Nauliza, goti la mwanangu mmelipeleka wapi?"

Akaingia ndani. Sahani tukaifunika tena.

Nilibaki na pikipiki. Nikarudi nyuma hatua chache, nikaja mbio nikalipiga tenki kwa goti. Likalia kama debe. Nikarudia. Mama akatoka.

"We mtoto, unafanya nini?"

"Nalirudisha."

"Kwa goti lako?"

"Si alitumia goti?"

Akanitazama. "Acha, mwana wanje, mwanangu we. Nimebakiwa na magoti mawili tu, na yote ni yako."

Akanikalisha kwenye kigoda, yeye akakaa chini, akanikunja suruali. Goti lilikuwa limeanza kuvimba. Akaliwekea kiganja, kilekile. Baba akaleta ugali bila kuulizwa, na mama akala matonge machache kwa mkono wa kulia. Wa kushoto haukutoka gotini kwangu.

Goti lilipona mapema. Ila jioni, ugali ukishaiva, bado nachechemea hadi kwenye kigoda cha mama.