Mahindi Niliyokataa Kuyakata Mabichi

Mume wangu alikuwa fundi magari, na miaka yote aliyolala chini ya magari ya watu alikuwa na hamu moja tu, kipande cha ardhi. Alikinunua juu ya Gihosha, pale nyumba zinapokwisha na mashamba kuanza. Alikilima misimu miwili, kisha figo zikamwondoa. Mimi ni mtoto wa mjini, mtaa wa Nyakabiga, nimekulia dukani kwa baba kati ya vitenge na sabuni. Jembe nililishika mara ya kwanza baada ya kutoka eda.

Msimu wangu wa kwanza ulikuwa aibu. Nilivuna mahindi yakiwa na maji bado, kwa sababu tu nilimwona jirani anavuna. Nikayapukuchua, nikayajaza kwenye magunia na kuyafunga kwa nguvu. Wiki ya tatu nikatia mkono ndani ya gunia nikakuta joto kama la mtu mwenye homa, na punje zimeshikana kwa ukungu wa kijani. Mwenye mashine ya kusaga aliyanusa tu, akanirudishia. Niliyatupa yote, na binti zangu wawili walinisaidia kuyabeba.

Msimu uliofuata niliapa kungoja. Mahindi yalipoanza kupauka, mwanzoni mwa mwaka, shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, alipanda kilima kuja kunitazama. Ana duka la misumari na mabati Mutakura, na hakuwahi kufika pale tangu mazishi. Alisema nikate yote mabichi, nimuuzie mama mmoja anayechoma mahindi barabarani, kabla wezi hawajaniwahi. Nikadhani ananihurumia. Kisha akaongeza kwamba mafundi wake wanataka kuchimba msingi wa nyumba yake hapo, mara tu shamba likiwa tupu. Ardhi ni ya ukoo, alisema, na mdogo wake hakuacha mtoto wa kiume.

"Mi nangoja yakauke," nikamwambia.

"Mpaka lini?"

"Mpaka yakauke."

Siku ya tatu lori lilimwaga mawe ya msingi kwenye kona ya shamba. Sikuyagusa. Bibi mmoja Mrundi wa shamba la jirani, aliyeona kila kitu, alinifundisha kuvunja bua chini kidogo ya hindi ili lining'inie kichwa chini, mvua ipite juu ya maganda isiingie ndani. Nilivunja bua moja moja siku mbili nzima, viganja vikachubuka. Alinifundisha pia kipimo cha chumvi: unatia punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, unatikisa, unaacha kidogo. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi bado yana maji.

Chumvi iligandia wiki ya kwanza. Ikagandia ya pili. Mvua ilikuja alasiri mbili mfululizo, nami nikasimama chini ya mwavuli katikati ya shamba nikiwa na hasira na mawingu, na shemeji, na mume wangu pia kwa kuniacha na haya yote. Kwenye arusi moja Nyakabiga nikasikia wanawake wakisimuliana kwamba mjane wa fundi amechanganyikiwa, anachunga miti mikavu. Nilijua maneno yalitoka wapi. Nilikula pilau yangu mpaka mwisho, nikaaga kwa salamu kama kawaida.

Wezi walikuja kweli. Walibeba mstari mzima wa upande wa njia, na shemeji akatuma mtu kuniambia sasa nimeona. Nilimjibu mjumbe kwamba mistari iliyobaki ni mingi.

Ila siku zile za kungoja sikukaa mikono mitupu. Bibi jirani alikuwa anapanda maharage katikati ya mabua yake yanayokauka, ili msimu usimpite. Alinipa mbegu. Nilipanda shamba lote, kila nafasi kati ya mstari na mstari, na sikumwambia mtu.

Asubuhi moja chumvi ikacheza ndani ya chupa, haikushika popote. Niliuma punje, ikavunjika kwa mlio. Mimi na binti zangu tulivuna siku mbili.

Kesho yake shemeji akafika na mafundi wawili, sururu mabegani. Walinikuta naondoa mabua ya mwisho. Chini yake maharage yalikuwa yameshatoka, majani mawili mawili, shamba zima mpaka kwenye mawe yake.

Shemeji aliinama, akagusa jani moja. "We, nani alikuambia upande?"

"Hakuna mutu aliniambia, shemeji. Ni shamba langu. Kama unataka kuchimba, chimba juu ya chakula cha watoto wa ndugu yako, majirani waone."

Mafundi ndio walioshusha sururu kwanza. Mmoja wao alisema yeye hang'oi maharage ya mjane, na akaanza kuteremka. Shemeji alibaki kidogo, akasema tutakutana mbele ya wazee wa ukoo. Nikamwambia nitakuja na karatasi ya ununuzi yenye jina la mume wangu.

Wazee walikaa mara mbili. Hawakunipa ardhi kwa maneno, na hawakuninyang'anya. Wakasema tungoje. Sawa. Kungoja nimekwisha jifunza, na kila msimu wanaongoja wao, mimi napanda.