Mafiga ya Mama

Nilikuwa darasa la saba mama alipomfuata baba kaburini. Nikaacha shule, nikabaki na wadogo zangu watatu na mafiga ya mama: mawe matatu aliyoyapanga jikoni alipoolewa, asiyahamishe tena mpaka kufa kwake.

Kuni tulitoa msituni, nyuma ya shamba letu la mahindi. Watu wa mradi wa kuhifadhi msitu walipokuja kutoka Kitale, walisema miti tunayovunja matawi ndiyo vipepeo hutagia mayai. Ikiisha, nao wamekwisha. Wakatugawia majiko ya udongo yanayokula kuni chache na kutoa moshi kidogo. Sharti lilikuwa moja: tung'oe mafiga.

Wiki hiyo hiyo shangazi, dada yake baba, alifika kutoka Kabuchai.

"Mafiga ya marehemu hayang'olewi na mtoto," alisema. "Unataka kumfukuza mamako nyumbani? Ati vipepeo! Kipepeo gani alikuja kwa matanga yake?"

Nikamsikiliza. Jiko jipya nikaliweka sebuleni juu ya stuli, nikalifunika kwa kitambaa alichofuma mama. Nililitumia kuchemshia wageni chai, na wageni walikuwa wachache. Nilijiona mwerevu: shangazi nimemtii, mradi sijaukataa.

Kitinda mimba wetu, msichana wa miaka sita, ndiye aliyeshinda nami jikoni. Alipenda kuchochea moto. Alipoanza kukohoa nilimpa maji ya tangawizi. Asubuhi moja midomo yake iligeuka rangi, nikampeleka hospitalini Kitale kwa bodaboda, nimemfunga mgongoni.

Daktari alimsikiliza kifua. "Dada, mnapikia nini?"

"Tuko na jiko la mradi."

"Sijauliza mko na nini. Nimeuliza mnapikia nini."



Mdogo wangu alilazwa na mpira wa oksijeni puani. Niliporudi nyumbani kumchukulia nguo, niliingia jikoni na jembe. Mafiga yalikuwa yamezama ardhini kama magego. Niliyachimba nikilia, nikayabeba moja moja hadi kaburini kwa mama, nikayapanga vile alivyokuwa ameyapanga. Kisha nikatoa jiko sebuleni.

Shangazi hajakanyaga kwetu tena. Mdogo wangu alirudi, lakini hawezi kukimbia, na daktari alisema kifua chake hakitakuwa tena kama cha wenzake. Ninapopika yeye hukaa nje ya mlango, mbali na moto, akiniuliza kama sasa anaweza kuchochea.

Namwambia bado.