Wiki Tatu Njombe kwa Ajili ya Farasi Jivu

Niliondoka Makambako kwa sababu ya farasi aitwaye Jivu. Katika shamba ninalofanya kazi, upande wa Kitandililo, Jivu alikuwa amekwisha kuangusha mtu mara tatu, na mara zote tatu mtu huyo nilikuwa mimi. Bosi wangu alimpata kwa rafiki aliyehama, akaamini kwamba mtu kama mimi, aliyefundisha maksai kulima kwa miaka kumi na tano hawezi kushindwa na mnyama asiye na pembe. Mimi pia niliamini hivyo. Kisha akaja mfyatua matofali akimtaka Jivu avute mkokoteni wake. Bosi akanipa wiki tatu: nikajifunze Njombe, nirudi, nimpande mbele yake na mbele ya mnunuzi. Nikishindwa, Jivu anakwenda kwenye matofali. Nilikuwa nampenda yule farasi. Sababu siijui, maana hakuwahi kunitendea jema.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, nilipata lifti ya lori lililokuwa linafuata viazi. Dereva aliniuliza naenda Njombe kufanya nini. Nikamwambia naenda kujifunza kupanda farasi. Tulipoanza kuona mashamba ya miti ndipo akauliza, "Kwani Makambako bodaboda zimeisha?"

Saa nne nilifika. Shamba la farasi liko kilimani nje ya mji, chai upande mmoja, upepo pande zote. Mwalimu ni Mama Sekela, mwanamke wa makamo kutoka Ipelele, huko Makete. Alikuwa amevaa makoti mawili.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mama. Habari za hapa?"

"Baridi. Umewahi kupanda?"

"Mara tatu."

"Ulikaa juu muda gani?"

"Kwa zote tatu?"

Akanionyesha pa kuweka begi.

Wiki ya kwanza sikupanda kitu. Nilipewa farasi jike mzee, jina lake Bibi, nijifunze kumtembeza na kumsimamisha kwa kamba. Siku ya kwanza nilipita nyuma yake nikipaza sauti, kama tunavyofanya na maksai. Kwato ilipita karibu na paja langu ikapasua ndoo.

"Mbona unakaa nyuma?" Mama Sekela akauliza.

"Plau huwa iko nyuma, mama."

"Hapa hakuna plau."

Kamba ndiyo iliyonishinda zaidi. Alisema nivute kidogo, na farasi akipiga hatua moja tu, nilegeze papo hapo, kwa sababu kule kulegeza ndiko kunakomwambia kwamba amefanya sawa. Nilielewa. Mkono haukuelewa. Kwetu anayeongoza maksai akilegeza, mfereji wa plau unapinda, na kila apitaye njiani anautazama mpaka mavuno. Bibi alinifuata hatua kumi, nikazidi kuvuta, akagoma.

Alhamisi Mama Sekela alinifunga kamba kiunoni, akanivuta kuzunguka uwanja bila kulegeza hata mara moja. Nilijitahidi kumfuata. Mzunguko wa nne nilikita miguu chini, nikakataa.

"Sasa unafikiri nini?"

"Nafikiri wewe ni mtu mbaya, mama."

"Vizuri. Bibi naye anafikiri hivyo juu yako."

Baada ya chakula mkono ulielewa.

Wiki ya pili nilipanda. Tulianza na mwendo wa kawaida, mikono nimeifumbata kifuani, miguu ikining'inia nje ya vikuku vya kukanyagia. Kisha mbio ndogo, kisha shoti, kisha kuruka gogo lililolala chini, na baadaye gogo lililoinuliwa kufikia goti. Mama Sekela alisema nitazame mbele, kwa kuwa farasi huenda anakotazama mpandaji. Nilitazama chini, tukaenda chini. Niliogopa. Naandika hivi kwa sababu nyumbani nilipiga simu nikasema siogopi.

Wiki ya tatu nilikabidhiwa farasi mchanga ambaye hajawahi kuvaa tandiko. Kwanza blanketi, siku mbili. Kisha tandiko. Kisha kuegemea tu mgongoni na kuondoka.

"Ukiona masikio yamelala nyuma na mkia unapigapiga, usipande," alisema Mama Sekela. "Hata kama mkuu wa wilaya amekaa kwenye kiti anakusubiri."

Ijumaa nilirudi Makambako. Jumamosi, saa tatu asubuhi, walikuwapo bosi, mnunuzi, na wafanyakazi wote, hata ambao hawakuwa na zamu. Nilimtoa Jivu kwa kamba legevu. Alinifuata, akasimama, akarudi nyuma nilipomwomba. Nikamvisha tandiko. Masikio yakalala. Mkia ukaanza kupiga.

"Bosi," nikasema, "leo simpandi. Anaogopa, na mimi naogopa."

Walicheka. Mmoja ilibidi akae chini. Bosi hakucheka. Alimgeukia mnunuzi akamwambia, "Basi, mchukue." Nilimvua Jivu tandiko, nikamkabidhi mnunuzi kamba.

Mnunuzi aliishika kamba kama sote huku tunavyoishika, imekaza, bega mbele, akavuta. Jivu alisimama. Wakaja wawili kusaidia, wakawa watano. Wa sita alikwenda nyuma na fimbo. Nilimwambia asikae pale, akasema amezaliwa kati ya ng'ombe zizini. Kwato ilipopita karibu na kofia yake akahama. Jivu hakupiga hatua hata moja. Saa nne mnunuzi alifuta jasho, akasema mnyama huyu ana ugonjwa wa kichwa, akapanda pikapu yake akaondoka.

Nilichukua kamba, nikailegeza, tukaenda zizini. Bosi alitufuata.

"Kwa nini hukuwaambia walegeze?"

"Hawakuniuliza, bosi."

"Na utampanda lini?"

"Akiwa tayari nitakuambia."

Kwa miaka kumi na tano nilidhani mnyama anajifunza pale ninapomvuta, na wiki tatu za Njombe zimenionyesha nilikuwa nusu tu ya mwalimu.

Jumatano saa tatu asubuhi, watu wote wakiwa shambani, masikio ya Jivu yalisimama mbele. Nikampanda. Alitembea hatua kumi na mbili, nikavuta hatamu kidogo, akasimama, nikalegeza. Kisha nikashuka mwenyewe, kwa mara ya kwanza.